Fungu la Ukuta

Nyinyi mnaoshika zamu sasa mmeniomba niandike habari za kazi, nami nimekubali. Ila msitarajie kusikia nilipandishwa cheo lini wala nilikuwa nikilipwa nini. Hayo hayana faida kwenu, na mengine hata kwangu hayakuwa na faida. Nitawaeleza vyombo, watu walionifunza, na ukuta. Hasa ukuta, kwa sababu wengi wenu mnapita mbele yake kila siku na hamjui ulivyotaka kunizikia ndugu.

Siku ya kwanza nilivuka feri kutoka kwetu Likoni nikiwa na buibui jipya na mkoba uliojaa kalamu. Nilikuwa nimeajiriwa katika ofisi ya utabiri wa hali ya bahari, na kwa ujinga wangu nikadhani ofisi hiyo itakuwa karibu na bahari. Ilikuwa Port Reitz, nyuma ya maghala, na dirisha lake lilitazama malori yaliyoegeshwa. Nikamwuliza mtu wa kwanza niliyemkuta, jamani, bahari iko wapi hapa? Alikuwa mzee mrefu, mtu wa Kaloleni, penseli nyuma ya sikio. Akaninyooshea kidole kwenye ramani iliyobandikwa juu ya birika la chai.

"Ile pale, mwanangu. Hiyo ya buluu yote ni yetu."

Huyo ndiye Mzee Jefwa, mpimaji wa kituo chetu kidogo cha Likoni, aliyekuwa amekuja ofisini siku hiyo kuleta fomu zake, na kila ninachokijua cha maana nilikipata kwake. Kituo chake kilikuwa ufukweni hasa: kibanda, mlingoti wa chuma, na juu yake vikombe vinavyozunguka upepo ukivuma, pamoja na mshale wa kuonyesha unatoka wapi. Ndani mlikuwa na saa ya shaba ya kupimia uzito wa hewa. Alinifundisha kuigonga kioo kwa ukucha kabla ya kuisoma, polepole, kwa sababu sindano yake ilikuwa na uvivu. "Igonge kama unavyobisha hodi kwa mkwe," alisema. "Ukiipiga kama polisi itakudanganya."

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Asubuhi Mzee Jefwa anasoma vyombo Likoni na kutupigia simu. Sisi wa Port Reitz tunachukua hesabu zake, tunazilinganisha na picha za mawingu kutoka angani na maneno ya mabaharia wa matishari bandarini, tunaandika taarifa ya upepo na mawimbi. Mkuu wa ofisi, ambaye sote tulimwita Mkubwa, anatia sahihi. Kisha taarifa inakwenda kwenye redio na kwenye simu za wavuvi.

Kwenye simu za wavuvi ndipo palipokuwa na roho yangu. Mdogo wangu Athumani ni nahodha wa boti ya mashine, anavua nje ya mwamba, kule maji yanakogeuka rangi. Nilipopata kazi mama yetu alifurahi kupita kiasi. Aliwaambia majirani kwamba sasa hana wasiwasi na mwanawe, kwa kuwa upepo uko mikononi mwa dada yake. Nilijaribu kumweleza kwamba mimi nauandika tu, siufugi. Wapi! Na Athumani naye alishika maneno ya mama. Taarifa ikisema shwari, anatoka. Ikisema chafuko, analala. Hakuuliza tena mbingu wala mtu mwingine.

Sasa njooni kwenye ukuta.

Mwaka mmoja wezi waliparamia mlingoti wakaiba vikombe. Kimoja kilipatikana mtaa wa Shika Adabu kikipimiwa njugu, na mwenye kuuza alikataa katakata kukirudisha kwa kuwa wateja wake walikuwa wamekizoea. Mkubwa akanunua vipya, akaamua kituo kijengewe ukuta. Hapo hakukosea. Tatizo ni kwamba alitaka pia jina la ofisi na nembo vichorwe juu yake, kwa herufi za kuonekana na meli zinazopita, na nembo ilikuwa kubwa. Ukuta ukapanda, ukapanda. Mzee Jefwa alimwambia fundi, "Fundi, sasa umekipita chombo." Fundi akajibu kwamba yeye anafuata mchoro. Na mchoro ulimtaka aujenge upande wa baharini, upande ule ule unakotoka kusi, upepo mkali wa katikati ya mwaka.

Kwa hiyo tulikuwa na chombo cha kupimia upepo, na tukakijengea kinga upepo usikifikie.

Siku ya ufunguzi alikuja mgeni rasmi kukata utepe. Viti vilipangwa chini ya ukuta. Ulikuwa msimu wa kusi na bahari ilikuwa ikitoa povu, lakini pale ndani hata ushungi wa mwanamke haukutikisika. Mgeni rasmi akausifu utulivu wa mahali, akasema ndivyo vyombo vya kisayansi vinavyotaka kutunzwa. Tukapiga makofi. Mzee Jefwa alikuwa kando yangu akivitazama vikombe, navyo vilikuwa vinageuka kwa uchovu kama mtu anayekoroga uji asioutaka. "Rukia," akaninong'oneza, "bahari inapiga na hivi vimelala. Tutaandika nini kesho?"

Kesho yake aliandika alichokisoma, kwa kuwa yeye hakuwa mtu wa kutia chumvi. Lakini pembeni mwa fomu akaongeza maneno: ukuta unazuia, upepo wa kweli ni kama maradufu. Mkubwa akayakata kwa wino mwekundu. Hakuwa mjinga, Mkubwa. Alijua kabisa. Ila ukuta ulikwisha kufunguliwa na mgeni rasmi, na kitu kilichofunguliwa na mgeni rasmi hakiwezi kuwa mahali pasipofaa. Akanung'unika tu, "Haya si ya kuandika. Haya ni ya kuelewana."

Basi tukaelewana. Miezi ya kaskazi upepo ulitoka upande usio na ukuta, na tulikuwa watu wakweli. Likiingia kusi, Mzee Jefwa anasoma vikombe vyake, ananipigia, nami mezani kwangu Port Reitz nazidisha kwa mbili. Hilo tuliliita fungu la ukuta. Mzee Jefwa kila akipiga simu alimaliza kwa kuniuliza, "Umempa kusi ukuta wake?" Namjibu, nimempa. Wavuvi nao walilijua, kwa sababu Likoni hakuna siri inayolala njaa ya watu wa kuisimulia. Mambo yalikwenda salama miaka na miaka. Ndugu yangu alitoka na kurudi, mama akaendelea kuninadi mtaani.

Kilichoharibu mambo ni hema. Ofisi ilifanya sherehe ufukweni, nami nilikuwa likizo, na aliyeshika meza yangu hakuwa ameelezwa habari ya ukuta. Taarifa ikatoka na upepo wa wastani. Mkubwa alikuwa katikati ya hotuba kuhusu ubora wa taarifa zetu pale hema lilipong'oka. Alishika nguzo yake, sijui alitaka kulizuia au alitaka kwenda nalo. Alipatikana kwenye michongoma, mzima, bila kiatu kimoja. Hakusema neno kwa mtu. Lakini tangu siku hiyo, kila taarifa ya kusi ikifika mezani kwake kutiwa sahihi, alikuwa akizidisha upepo kwa mbili, kimyakimya, kwa usalama wake. Mimi sikujua. Nilipozisikia taarifa redioni zimekuwa kali kidogo nilidhani ni wasomaji wa redio na mbwembwe zao.

Mwaka uliofuata Mzee Jefwa akastaafu, akarudi Kaloleni kwa minazi yake. Mahali pake akaja Mercy, binti wa kutoka Nakuru, msomi, mwenye adabu, aliyejifunza shikamoo zetu zote katika wiki moja na kuzitoa hata kwa watoto. Mzee Jefwa alipomkabidhi funguo alimwambia neno moja la kuagana: "Usisahau kumpa ukuta wake." Mzee alimaanisha anikumbushe mimi. Mercy, kwa kuwa ni mtu wa kazi, akaelewa kwamba ni yeye wa kutoa. Akaanza kuzidisha kwa mbili pale pale kituoni, kabla ya kupiga simu.

Mnaona inakokwenda. Kusi lilipoingia, asubuhi ya kwanza vikombe vilisoma kilomita kumi kwa saa. Upepo wa kweli ulikuwa ishirini, wa kukaushia nguo. Mercy akanipa ishirini. Mimi nikampa ukuta wake, nikaandika arobaini. Mkubwa akaikumbuka ile michongoma, akaandika themanini. Redio ikatangaza dhoruba ya kung'oa miti.

Nilizisikia habari hizo pamoja na watu wengine wote, nikiwa na kitumbua mdomoni. Shule zilifungwa. Mashindano ya ngalawa yaliahirishwa na wageni wakarudishwa hotelini. Jirani yetu alifunika paa lake kwa nyavu zake zote, akazifunga kwa mawe. Soko la samaki likawa kavu, kwa kuwa hata boti moja haikutoka. Na bahari ilikuwa imetulia, jua limewaka, watoto waliofukuzwa shule wakaenda zao kuogelea. Athumani alikaa ufukweni kutwa nzima akiitazama. Jioni nilipofika nyumbani akaniuliza kwa upole uliozidi, "Dada, hiyo dhoruba yenu mmeiweka wapi? Au imekwama foleni Changamwe?"

Mkubwa aliitisha mkutano. Kila mtu akaeleza alichofanya, na kila mtu alikuwa amefanya vizuri. Nilitegemea kwamba sasa, baada ya aibu ile, mtu atataja kuubomoa ukuta. Mkubwa akasafisha koo akasema, "Kuanzia leo, ni marufuku mtu yeyote kuongeza chochote. Tutatoa kinachosomwa na vyombo. Sayansi ni sayansi."

Nikanyanyua mkono. "Na ukuta, Mkubwa?"

"Ukuta si ajenda ya leo, Bi. Rukia."

Hivyo ndivyo ofisi iliyokuwa ikitoa fungu la ukuta mara tatu ilivyoacha kulitoa kabisa, kwa siku moja, na kwa nidhamu ambayo sijaiona tena katika jambo lolote la manufaa.

Haikuchukua muda. Mwezi wa saba, kusi likiwa limekomaa, asubuhi moja Mercy alinipigia akanipa hesabu yake: wastani. Nikaandika wastani, kama tulivyoamriwa, nikapeleka. Lakini nyuma ya sauti yake nilikuwa nimesikia kitu, kama bati linapigwapigwa. Nikampigia tena.

"Mercy, achana na vikombe. Toka nje ya ukuta, niangalizie ile miti ya mivinje ufukweni."

Nikamsubiri. Aliporudi alikuwa anahema.

"Bi. Rukia, imelala. Yote imelala upande mmoja."

"Na nguo za jirani?"

"Ziko kwa jirani mwingine."

Nilimpigia Athumani. Simu haikupatikana. Nikampigia mkewe, akaniambia ametoka alfajiri, aliona taarifa kwenye simu, imesema wastani, akacheka akasema afadhali leo dada ameamka na akili zake. Upepo aliouendea ndugu yangu ulikuwa na sahihi ya ofisi yangu.

Nikaingia kwa Mkubwa bila kubisha. Nikamwambia taarifa ibadilishwe sasa hivi, itangazwe upya, waliotoka warudi. Akaniuliza vyombo vimesema nini. Nikamwambia vyombo viko nyuma ya ukuta, na yeye anajua. Akasema hawezi kubadilisha taarifa kwa sababu ya mivinje, mivinje haina cheti. Nilitaka kulia, lakini hasira ilitangulia. Nikamwambia, "Basi twende ukaone. Ukiona shwari, mimi nitaandika barua ya kuacha kazi."

Barua hiyo nadhani ndiyo iliyomwinua kitini. Gari la ofisi likatupeleka Likoni, Mkubwa mbele na faili lake mapajani, mimi nyuma nikisoma kila dua niliyofundishwa chuo cha Kurani. Tulipofika aliingia moja kwa moja ndani ya kituo. Akasimama chini ya mlingoti, kwenye kinga, kofia kichwani, karatasi mkononi. Hapakuwa na upepo wa kuzima kiberiti.

"Mbona shwari?" akasema, na nikaona kabisa anaifikiria barua yangu.

"Njoo hapa pembeni, Mkubwa. Hatua chache tu."

Akazunguka pembe ya ukuta. Kofia ilikwenda kwanza. Kisha karatasi, moja baada ya nyingine, zikapita juu ya mivinje kuelekea barabarani. Yeye mwenyewe alirudishwa nyuma akashika ukuta wake kwa mikono miwili, uso kwenye nembo. Mbele yetu bahari yote nje ya mwamba ilikuwa nyeupe. Mercy alikuwa kando na simu tayari. Mkubwa, akiwa bado ameukumbatia ukuta, akasema, "Badilisheni." Hilo ndilo neno lake zuri kuliko yote niliyowahi kumsikia, na hakulitolea hotuba.

Taarifa mpya ilitoka. Matishari yakaarifiwa, redio zikatangaza, boti za karibu zikaanza kurudi. Ya Athumani haikuwamo. Nilikaa pale ufukweni na mkewe tangu adhuhuri. Mama aliletwa, akaketi katikati yetu, na hata mara moja hakuniangalia. Katika maisha yangu ya kazi nimekaripiwa na watu wengi wenye vyeo, lakini hakuna aliyeniumiza kama mama kwa kule kutoniangalia.

Walionekana baada ya alasiri, boti imekaa chini majini, mashine inakohoa. Walikuwa wametupa nyavu, samaki, barafu, kila kitu kilichokuwa na uzito, na vijana walikuwa wakiteka maji kwa ndoo mpaka mikono imekufa ganzi. Athumani alishuka akapita mbele ya mkewe na mama, akaja akasimama mbele yangu, chumvi imemganda kwenye ndevu. Nilimtarajia anitukane. Aliniuliza tu, "Dada, upepo wa yeo mliuandika ndani ya ukuta au nje?"

Nikamshika nikalia.

Ofisi nayo ilichukua hatua. Iliundwa kamati. Kamati ikazuru kituo, ikaketi kwenye kinga, ikanywa soda, ikapendekeza ukuta upakwe rangi. Kuhusu upepo, Mkubwa alitamka amri mbele yetu sote: fungu la ukuta lirudi, ila litolewe na mtu mmoja tu, naye ni Bi. Rukia. Nikaishika kazi hiyo hadi mwisho. Kila kusi, kila asubuhi, nilimpigia Mercy, nikamwuliza mivinje, nikampa ukuta wake. Mkubwa aliondoka, akaja mwingine, akaondoka, akaja huyu wa sasa. Ukuta ulipakwa rangi mara kadhaa.

Siku ya kuniaga mlinikabidhisha funguo, kiti, birika na kikokotoo. Nikauliza, na ukuta namkabidhi nani? Nikawaeleza habari ya fungu la ukuta, nimesimama mbele yenu, keki haijakatwa. Mkacheka sana, mkapiga makofi, mtu akasema Bi. Rukia ana vichekesho. Kisha mkanipa zawadi. Saa ya ukutani.

Ndiyo maana nimekubali kuandika, na ndiyo maana naandika leo. Kusi la kwanza tangu nistaafu limeingia. Asubuhi hii nilikuwa uani Likoni nikifua, redio iko dirishani, ikasema upepo utakuwa wa wastani. Nilikuwa nimeshika shuka kwa mikono miwili na lilikuwa likinivuta. Nikainua macho, nikaiona mivinje.

Nikampigia Mercy, ambaye sasa ndiye mwenye meza yangu.

"Shikamoo, Bi. Rukia."

"Marahaba. Mercy, leo nani ametoa fungu la ukuta?"

"Bi. Rukia, si amri ilisema ni wewe? Haijabadilishwa. Sisi tulijua bado unatoa wewe."

Nimwambie nini? Nilimwambia aitoe taarifa upya, na maneno mengine ambayo hayafai kuandikwa na mwanamke wa rika langu. Nilipokata simu Athumani alikuwa anapita uani kwangu kuelekea ufukweni, dumu la petroli mkononi, simu yake imemwonyesha wastani. Mvi zimemjaa siku hizi, na mama hayupo tena wa kuketi katikati yetu.

"Weka chini," nikamwambia.

"Dada, redio imesema wastani."

"Redio iko ndani ya ukuta."

Akanitazama, akalitazama shuka. Kisha akaliweka dumu chini, akaketi juu yake, akaniomba chai.